Mchinjaji wa Yoba na Bunduki Tatu za Mbelgiji

Mwaka Burundi ilipopata uhuru, Hamissi Matata alikuwa na miaka thelathini na minne, bucha yenye ndoano sita, mke mwenye ulimi, na kimo ambacho watu wa Gitega walikubaliana kutokitaja mbele yake. Akisimama nyuma ya meza yake ya nyama, mteja aliona kofia kwanza, halafu masharubu. Mengine yalifuata mteja akisogea.

Kazi yenyewe aliijua. Baba yake alikuwa mchinjaji, na Hamissi alianza kushika utumbo wa ng'ombe kabla hajashika kalamu. Ungeweza kumfunga kitambaa machoni, ukamwekea ng'ombe mzima mbele, akakuonyesha kwa kidole moyo umelala wapi, ini limeanzia wapi, na ni ubavu wa ngapi utakusumbua. Jina la Matata alipewa na bibi yake siku aliyozaliwa, kwa kuwa alitanguliza miguu. Kwa maoni ya mkewe Mwajuma, hajabadilika tangu siku hiyo.

Uhuru ulipokuja, kila mwanamume wa Yoba, mtaa wa Waislamu pale Gitega, alichagua kitu kimoja ambacho Wabelgiji walikuwa wamejiwekea wenyewe, akakifanya chake. Mmoja alinunua kofia ya pama. Mwingine alianza kukaa kwenye baraza ya hoteli kila Jumapili akinywa kahawa bila sukari, na uso wake ulionyesha wazi kwamba anateseka. Hamissi yeye alitaka bunduki ya kuwindia.

Sababu alikuwa nayo, tena nzuri. Dada yake Zaituni alikuwa ameolewa Muyinga, kwenye kilima kimoja juu ya bonde la mto Ruvubu, na mumewe Kassimu alilima karanga na mahindi. Kila msimu nguruwe mwitu walivuna kabla yake. Mwaka ule Zaituni alipanda lori hadi Gitega na kikapu kichwani, akaingia buchani wateja wakiwapo, akamwaga magunzi yaliyotafunwa juu ya meza ya nyama.

"Kaka, tazama," alisema. "Hii ndiyo mavuno yetu. Nimekuletea na we uonje."

Jioni Hamissi alimweleza mkewe kwamba ameamua.

"Nguruwe," Mwajuma alisema. "We, mtu wa kuswali, unatafuta bunduki ya nguruwe."

"Kule iko na mbogo pia. Mbogo ni halali."

"Sawa. Mbogo akikuona umeshika bunduki atacheka mpaka afe. Haitahitaji risasi."

Kibali kilichukua safari nne. Karani aliyejaza fomu alifika kwenye mstari unaouliza sababu ya maombi, akaandika "nguruwe". Akashuka kwenye mstari wa dini, akaandika "Mwislamu", akainua macho, akamtazama Hamissi kwa muda mrefu. Hamissi naye akamtazama. Karani akapiga muhuri.

Bunduki zenyewe zilikuwa dukani kwa Alibhai, nyuma ya marobota ya vitenge na madebe ya mafuta ya taa. Mbelgiji mmoja, bwana shamba wa kahawa, alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia Alibhai bunduki tatu amuuzie. Alibhai alikuwa mtu wa kuogopa hata mlio wa kifuniko cha soda, kwa hiyo mambo ya kasha lile alimwachia mkewe, Khatun, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Zulfikar. Yeye alizaliwa Tabora, kwa baba aliyekuwa fundi wa bunduki za wawindaji, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Tabora, kimenyooka kama rula.

Alizilaza zote tatu juu ya kanga, bega kwa bega. Kwa umbo zilifanana kama dada watatu. Zote zilikuwa za kukoki kwa mkono: unainua kipini cha chuma ubavuni, unakivuta nyuma, ganda linaruka nje, unakisukuma mbele, risasi mpya inaingia, unakilaza chini, uko tayari. Risasi tano tumboni. Tofauti ilikuwa kwenye tundu la mtutu.

"Hii ni milimita saba," Mama Zulfikar alisema. "Hii ni tisa na kidogo. Na hii inakaribia kumi na moja, lakini Mbelgiji aliiita Kumi, basi na tuiite Kumi."

Tundu la Saba lilikuwa la kuingiza penseli. Tundu la Tisa lilikuwa la heshima. Hamissi alichukua Kumi, akajaribu kuingiza ncha ya kidole chake kidogo kwenye mtutu, nacho kikaingia. Hapo akili ilimuaga.

"Ndugu Hamissi, kitoe kidole kwanza," Mama Zulfikar alisema. "Niambie unawinda nini, umbali gani, na risasi utazipata wapi. Ukishanijibu hayo ndiyo tuongee habari ya tundu."

"Nguruwe. Na mbogo, Mungu akipenda. Umbali… karibu-karibu."

"Kumi ina risasi kumi na moja tu. Nimeuliza Bujumbura, hawana. Ukizimaliza, utakuwa na rungu la bei ghali. Tena inapiga teke. Tisa ina risasi arobaini, na kwa mbogo ndiyo yenyewe. Saba ina risasi mia mbili, za kuchanua zikigonga nyama na za ncha ngumu zinazopenya. Haina vurugu, inakwenda unapoituma. Kwa nguruwe, na kwa bega kama lako, ningekupa Saba na nisingekosa usingizi."

"Bega kama langu limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Ndiyo maana nalihurumia."

"Na Kumi ni ya nani, basi?"

"Ya mtu ambaye bega lake halina kazi nyingine duniani."

Kama mchinjaji, Hamissi alijua vizuri kwamba risasi nene kupita kiasi inaharibu nyama, kwamba bega zima linaweza kugeuka uji. Angekuwa anamshauri mtu mwingine, angemwambia hivyohivyo. Lakini alikuwa anafikiria njia ya kutoka dukani hadi nyumbani, na vibaraza vyote vilivyokuwa kandokando ya njia hiyo. Mtu hapiti mbele ya vibaraza vile na bunduki ya kuingiza penseli. Alichukua Kumi.

Alipita njia ndefu, ile ya kuzunguka soko. Watu walitoka kutazama. Uthmani, fundi baiskeli, aliacha gurudumu likizunguka lenyewe, akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua, "Bon, hapo nani anamubeba mwenzake?"

Siku ya pili alikwenda kuijaribu kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Aliweka debe juu ya jiwe, akakoki, akalenga, akafyatua. Anga lilipasuka. Alipopata fahamu alikuwa ameketi, kofia iko mita tatu nyuma yake, na masikioni kengele za kanisa ambalo halipo zilikuwa zinalia. Debe lilikuwa palepale. Nyumbani Mwajuma alimvua shati, akaona bega limekuwa rangi ya biringanya, akachemsha maji ya chumvi, akalikanda bila kusema neno. Hamissi angependa aseme.

Mtu mwenye busara angeirudisha bunduki kesho yake. Hamissi alipanda lori la kwenda Muyinga.

Kassimu, shemeji yake, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye imani kubwa na kitu chochote cha chuma. Alfajiri walishuka pamoja bondeni, ambako madume matatu ya mbogo yalikuwa yanalala kwenye mafunjo chini ya shamba la karanga. Waliyakuta yamesimama, umande mgongoni, umbali wa kutoka msikitini hadi sokoni. Hamissi alisema bismillahi kwa sauti, kama inavyompasa mtu anayetaka nyama iwe halali, akaweka kidole kwenye kifyatulio. Kisha bega lake lilikumbuka machimbo, na macho yake, bila kumwomba ruhusa, yakajifunga.

Risasi iliua kichuguu, hatua tatu kushoto kwa mbogo wa karibu.

Mbogo yule aligeuza kichwa polepole, kwa namna ya mwenye nyumba aliyesikia mtu akipiga chafya barazani. Hamissi alikivuta kipini nyuma, akakisukuma mbele kabla hakijamaliza safari yake, na risasi ikakwama mshazari. Aligeuka kumwambia Kassimu. Kassimu alikuwa ameshapanda mti. Hamissi aliitupa bunduki akamfuata, na wanaojua urefu wake hadi leo hawaelewi tawi lile alilifikiaje.

Mbogo walikuja hadi chini ya mti. Mmoja aliinusa bunduki kuanzia kitako hadi mtutu, akatafakari, kisha akakojoa pembeni yake, na kwa wingi.

"Shemeji," Kassimu alisema baada ya saa nzima, "ile ulipiga ilikuwa ya kutisha tu, ama?"

"Ya kutisha."

"Sawa. Mi imenitisha."

Walikaa juu hadi jua lilipokuwa kali. Aliyewaokoa ni Zaituni, aliyewaletea uji, akaona hali ilivyo kutoka mlimani, akarudi kuchukua sufuria mbili na majirani saba. Mbogo, ambao hawakuwa wamejali mlio wa Kumi, hawakuipenda kabisa kelele ya sufuria. Waliondoka.

Hamissi alirudi dukani kwa Alibhai na bunduki aliyoiosha mara nne. Mama Zulfikar alisikiliza habari yote, kuanzia bismillahi hadi sufuria. Hakucheka, ingawa ilibidi anyanyuke mara moja akapange vitambaa vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Nipe Tisa," Hamissi alisema.

"Tisa amechukua padri. Juzi."

Ikabaki Saba, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya penseli. Mama Zulfikar alikubali kubadilishana, kwa sharti moja: risasi thelathini kwenye machimbo, yeye akiwapo. Na kweli alikuja, amejifunika dupata, mtandio wake wa kijani, na kiti chake cha kukunja na mwavuli. Alikaa kivulini akila bizari tamu, huku anamfundisha mchinjaji kupiga.

"Hiyo siyo shingo ya mbuzi, usiikabe. Kidole kiminye polepole, kama unapima parachichi limeiva ama bado. Na macho wazi. Ukifunga macho nakuongezea risasi kumi."

Saba haikupiga teke; ilimsukuma tu kidogo, kama mtu anayekuamsha kwa adabu. Kufikia risasi ya kumi macho yake yalikuwa yamesahau kuogopa. Kufikia ya ishirini alilipata papai lililowekwa juu ya jiwe, kwa hatua hamsini. Wiki ya tatu alilipata kwa hatua mia, na Mama Zulfikar akakunja kiti chake, akasema, "Sasa nenda. Na ukiulizwa nani amekufundisha, sema Mbelgiji. Alibhai asisumbuliwe."

Msimu ule, kule Muyinga, Hamissi aliua nguruwe kumi na tisa. Alikuwa akifunga bucha siku mbili, anapanda lori, anakaa kwenye kibanda cha Kassimu pembeni ya mahindi tangu alasiri, na nguruwe wakitoka mafunjoni kabla jua halijazama, anakoki kwa upole na kuwapunguza. Zaituni alivuna mahindi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Ila nguruwe aliyekufa ni nyama, na nyama ile isingeingia kwenye nyumba ya Zaituni hata kwa mlango wa nyuma. Kwenye kilima cha pili walikaa Wakatoliki. Mlio wa kwanza wa bunduki ulipita bondeni, na kabla moshi haujatulia katekista wao, mwalimu wa dini, alikuwa ameshafika na vijana wanne, kamba na mti wa kubebea. Hamissi alisimama mbali, kisogo kimeelekea mzoga, akaonyesha kwa kidole juu ya bega.

"Ile pale. Mi sijaigusa. Hata kuiona, sijaiona vizuri."

Walimletea ndizi, maharage, mara moja mtungi wa asali. Kufikia Krismasi hapakuwa na Mwislamu aliyependwa kama yeye kati ya Ruvubu na Muyinga mjini. Habari zilimfikia sheikh wa Muyinga, aliyemwita baada ya swala ya Ijumaa, akamkalisha.

"Hamissi, nasikia kule kanisani wanakuombea. Kwa jina."

"Nasikia hivyo na mi, sheikh."

"Kila Jumapili?"

"Na siku za sikukuu." Hamissi aliinamisha kichwa. "Sheikh, mi siwezi kumkataza mtu dua."

Sheikh aliuliza kama karanga za Zaituni zilikuwa zimevunwa, na kama kuna zilizobaki. Mambo yakaishia hapo.

Kiangazi cha mwaka wa sitini na tano ndipo mambo yalipokuwa ya kweli. Dume moja la mbogo lilikuwa limenasa mguu kwenye waya wa mtego, likaukata waya, likawa linatembea na kidonda kilichooza na hasira isiyo na anwani. Asubuhi moja lilimkuta Kassimu kwenye njia ya kwenda mtoni. Hamissi alikuwa kibandani akifuta bunduki. Alisikia kelele za wanawake waliokuwa wanateka maji, akakimbia nayo bila viatu.

Kassimu alikuwa amelala ndani ya mfereji mwembamba wa kumwagilia shamba, paja limechanika. Mfereji ndio uliomwokoa: mbogo alikuwa amesimama juu yake, anachimba ukingo kwa pembe, pembe haziingii. Udongo ulikuwa unammwagikia Kassimu usoni. Kutoka alipokuwa Hamissi palikuwa na hatua arobaini, na hapakuwa na mti wowote.

Alisukuma risasi za ncha ngumu tumboni mwa bunduki, moja moja. Bunduki ilikuwa ile ya penseli. Alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba akipiga ovyo atamkasirisha tu mnyama aliyekwisha kukasirika, na kwamba akikosea kidogo chini, atampiga mume wa dada yake.

Sauti ilitoka mferejini, ndogo, ya adabu kama kawaida.

"Shemeji? Umefunga macho?"

"Hapana."

"Basi piga."

"Ngoja ageuke."

"Mi nangoja," Kassimu alisema. "Sina pa kwenda."

Mbogo alizunguka ukingo, akatoa ubavu. Hamissi hakumtazama tena kama mbogo. Alimtazama kama mnyama aliyening'inizwa kwenye ndoano ya nne, ngozi imeshatoka. Watu wengi hudhani moyo uko juu. Uko chini, karibu na kiwiko, na mfupa wa bega unaufunika hadi mguu wa mbele upige hatua. Alingoja hatua hiyo. Ilipopigwa alisema bismillahi, akaminya polepole.

Mbogo alishtuka tu, kama ameumwa na nzi, akaanza kukimbia. Hamissi aliinua kipini, akakivuta hadi mwisho wake, akakisukuma, akakilaza, akapiga tena palepale. Mbogo alikwenda hatua thelathini, akapiga magoti, akalala. Hamissi naye alikaa chini. Halafu akakumbuka kuwa mbogo bado anapumua, akachomoa kisu kiunoni, akaenda akamchinja akielekea kibla, kama ng'ombe yeyote wa Alhamisi. Kisha alirudi kwenye mfereji, akaulaza mkono wa Kassimu shingoni mwake, akamnyanyua.

Walimfunga Kassimu paja kwa kanga ya Zaituni, wakambeba kwa mti uleule wa katekista hadi barabarani, lori likampeleka hospitali. Alipona, ila mguu ulibaki mfupi kidogo, na Hamissi alimwambia, "Karibu huku chini."

Alipompasua mbogo, aliuweka moyo kwenye jani la mgomba, akauonyesha. Matundu mawili, yameachana vidole viwili, madogo kabisa. Nyama yote iliyobaki ilikuwa safi. Siku ile vilima vyote viwili vilikula chungu kimoja, na katekista, aliyezoea mafuta ya nguruwe, alisema mbogo ni mkavu kidogo, lakini akajaza sahani mara tatu.

Hamissi aliwinda miaka mingine saba. Aliporudi Gitega alikuwa akipita na Saba begani kwenye njia fupi, bila kuzunguka soko. Kumi ilikaa dukani kwa Alibhai hadi mtu mmoja mnene kutoka mji wa Ngozi alipoingiza kidole chake kwenye mtutu. Mama Zulfikar hakumzuia. Alisema amechoka kuokoa mabega ya watu.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa watu kuchukuliwa na kuuawa, ambao watu wa umri wake hawautaji mbele za wageni. Katikati ya siku zile katekista aliitwa ofisini, hakurudi, na hakuna aliyeambiwa kwa nini. Hamissi alipopata habari hiyo alifunga bucha saa nne asubuhi. Aliitoa bunduki chini ya kitanda, akaifuta mafuta, akazihesabu risasi zilizobaki, akatembea nayo hadi ofisi ya mkoa bila kuitwa na mtu, kwa kuwa mwaka ule mwenye bunduki aliulizwa amemwekea nani. Karani alimuuliza kama imeharibika.

"Haijaharibika," alisema. "Iko nzuri sana. Ndiyo sababu naileta."

Karani alimwandikia karatasi, jina la bunduki, namba yake, milimita saba. Hamissi aliikunja, akaitia mfukoni. Mwajuma alimwona akiingia mikono mitupu. Hakusema kitu cha kuchekesha. Alimwekea wali na maharage, akakaa karibu yake mpaka alipomaliza. Alasiri akarudi kufungua bucha, kwa sababu palikuwa na nyama ya ng'ombe mzima kwenye ndoano, na jua lilikuwa kali.